Fidia si Riziki: Uharamia wa Baharini kwa Mizani ya Halali na Haramu

Kila Ijumaa wengi wetu husoma Suratul Kahf, na kila Ijumaa hukipitia kisa cha jahazi. Nabii Musa (a.s.) alistaajabu alipomwona Khidhri akikitoboa chombo ambacho wenyewe waliwapakia bila ya kuwatoza nauli. Baadaye akaelezwa sababu. Chombo kile kilikuwa cha masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini, na alikuwapo mfalme aliyekuwa akikipora kila chombo kizima kinachopita. Kasoro ile ndogo ndiyo iliyowaokolea masikini wale chumo lao.

Tunaomba msomaji azingatie jambo moja katika kisa hicho. Qur'ani haikutaja shehena iliyokuwamo wala thamani yake. Imetaja watu, na imewaeleza kwa sifa mbili: umasikini wao na kazi yao. Basi anayetaka kuupima uharamia wa zama zetu na aanzie hapo hapo. Kabla ya kuuliza meli ni ya nani na ina thamani gani, aulize: ndani yake wamo akina nani?

Idi chini ya mtutu wa bunduki

Mwezi Machi 2024, Ramadhani ikiwa ndiyo kwanza inaingia, meli iitwayo Abdullah ilikuwa ikitoka Maputo, Msumbiji, kuelekea Falme za Kiarabu, imebeba makaa ya mawe tani 55,000. Maharamia wa Kisomali waliiteka katika Bahari ya Hindi, wakaipeleka kwenye pwani ya Somalia. Mabaharia wake walikuwa 23, wote raia wa Bangladesh. Mwezi mzima wa Ramadhani waliupitisha wakiwa mateka. Siku ya Idi waliswali juu ya sitaha ya meli, na picha yao ikasambaa: watu waliotoka kuswali Idi, ilhali roho zao zimo mikononi mwa wenye silaha ambao nao hujiita Waislamu.

Katikati ya Aprili meli iliachiwa. Maharamia wawili waliliambia shirika la habari la Reuters kwamba walilipwa dola milioni 5. Mabaharia wakarejea kwao, na familia zao zikapumua. Swali lililobaki ni letu sote: fedha ile iliyopokewa siku chache baada ya Ramadhani, je, ilikuwa riziki?

Mchele wa wenye njaa

Wapo wanaojibu kwa upole kwamba vijana wale ni walinzi wa pwani yao, na kwamba meli zinazotekwa ni za matajiri. Hoja hii ina chembe ya ukweli, nasi hatutaificha. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, bahari yake ndefu ilibaki bila ya mlinzi. Meli za uvuvi za kigeni zikaingia bila ya idhini, au kwa vibali vilivyouzwa na wababe wa vita. Zikazoa samaki na kuharibu nyavu za wavuvi wadogo. Huo ulikuwa wizi, na walioutenda walitoka katika nchi zenye sheria na mahakama. Anayeulaani uharamia wa mashua na kuunyamazia ule wa meli za uvuvi hajasimama kwa uadilifu.

Lakini madai hupimwa kwa vitendo. Mwezi Juni 2005 meli iitwayo Semlow iliondoka Mombasa ikiwa imekodiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Shehena yake ilikuwa tani 850 za mchele wa msaada kwa Wasomali walioathiriwa na tsunami ya Desemba 2004. Nahodha alikuwa wa Sri Lanka, mhandisi Mtanzania, na mabaharia wanane walikuwa Wakenya. Maharamia waliiteka na kuishikilia kwa takriban siku 100.

Haikuwa meli ya uvuvi, wala haikuchukua hata dagaa mmoja wa Somalia. Ilikuwa ikiwapelekea chakula watu wa pwani ile ile ambayo maharamia walidai kuilinda, na waliokuwamo ndani walikuwa watu wa mwambao wetu, wenye wake na watoto wakisubiri simu. Miaka mitatu baadaye zikafuata meli kubwa zaidi. Septemba 2008 ilitekwa Faina, iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33. Novemba mwaka huo huo ikatekwa Sirius Star, meli ya Saudi Arabia yenye mapipa milioni mbili ya mafuta ghafi, mamia ya maili kutoka pwani ya Kenya. Hakuna mvuvi anayekwenda umbali huo kuutetea mtego wake. Kilichoanza kwa malalamiko kilikuwa kimekwisha kugeuka biashara, na bidhaa yake ilikuwa binadamu.

Daftari la fidia

Biashara hupimwa kwa hesabu, basi tuifungue hesabu yake. Mwaka 2013 Benki ya Dunia, pamoja na polisi wa kimataifa wa Interpol na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia uhalifu, walitoa ripoti kuhusu njia za fedha hizo. Walikadiria kwamba tangu Aprili 2005 hadi Desemba 2012 maharamia wa Somalia na Pembe ya Afrika walilipwa fidia ya kati ya dola milioni 339 na milioni 413.

Zilikwenda wapi? Kila safari ya utekaji ina mfadhili anayetoa fedha za mashua, mafuta, silaha na chakula, na yeye hakanyagi baharini. Fidia ikilipwa, mfadhili huondoka na si chini ya asilimia 30, na mara nyingi huzidi hapo. Kijana anayepanda ngazi ya kamba usiku, mawimbi yakipiga na risasi zikimngoja juu, kwa kawaida alipewa kati ya dola 30,000 na 75,000. Na hizo nazo hazikufika zote mkononi. Katika miezi ya kulinda mateka alikula, akavuta sigara na kutafuna miraa kwa mkopo, kwa bei iliyopandishwa. Siku ya malipo deni lilikatwa, pamoja na faini za makosa. Mfadhili naye aliingiza fungu lake katika wanamgambo, biashara ya miraa na usafirishaji haramu wa watu. Hivyo dhulma moja ikawa mtaji wa dhulma nyingine.

Ripoti nyingine ya Benki ya Dunia ya mwaka huo huo ilikadiria kwamba uharamia huu uliugharimu uchumi wa dunia dola bilioni 18 kila mwaka, kwa bima iliyopanda, njia ndefu, mafuta ya ziada, walinzi wenye silaha na biashara iliyopungua. Tukichukua makadirio ya juu ya fidia na kuyagawa kwa miaka ile karibu minane, tunapata kama dola milioni 53 kwa mwaka. Maana yake, kwa kila dola moja iliyoingia mkononi mwa maharamia, watu wengine walipoteza zaidi ya dola 300. Hasara hiyo haiishii kwa mwenye meli. Huingizwa katika nauli ya shehena, na nauli huingizwa katika bei ya unga, mchele na mafuta ya kupikia. Mjane anayenunua kibaba dukani amechangia fidia bila ya kujua.

Na juu ya hasara ya mali ipo hasara isiyoandikika. Ripoti hiyo ya pili imehesabu mabaharia zaidi ya 3,700 walioangukia mikononi mwa maharamia, na makumi kati yao walifariki. Mabaharia wa Iceberg 1, miongoni mwao Wayemeni, Wasudani, Wahindi na Waghana, walitekwa Machi 2010. Mwenye meli aliwatelekeza. Walikaa karibu siku 1,000, hadi askari wa Puntland walipowaokoa 22 kati yao Desemba 2012. Tajiri wa meli aliweza kutoweka, lakini baharia masikini hakuwa na pa kutowekea. Hapa pana somo jingine la haki: mwajiri anayemtuma mtu baharini na kisha kumwacha mateka naye ana mzigo wa kujibu mbele ya Mola wake.

Tuseme pia kwamba anayelipa fidia ili kuiokoa roho haingii katika lawama hii. Kumkomboa mateka ni katika mambo aliyoyahimiza Mtume (s.a.w.). Dhambi humwelemea aliyemteka na kumtoza.

Sheria inasemaje

Uislamu una jina la kosa hili: hiraba, yaani kuwakatia watu njia kwa silaha na kuwatia hofu. Limetajwa katika Suratul Maida, aya ya 33, kwa adhabu nzito, ambazo kuzihukumu ni kazi ya mamlaka na wala si ya mtu binafsi. Njia ya bahari ni njia kama ya nchi kavu, na msafiri wa jahazi ana haki ya amani kama msafiri wa barabara. Mtume (s.a.w.) katika Hija yake ya kuaga alitangaza utukufu wa damu na mali za watu, akaufananisha na utukufu wa siku ile, mwezi ule na mji ule.

Ama hoja ya kisasi, Qur'ani imeikata kwa msingi mmoja: hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwingine. Mpishi wa meli kutoka Bangladesh hawezi kulipia wizi wa samaki uliofanywa na meli ya nchi nyingine. Tukumbuke pia usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wamewatesa Waislamu na kupanga kumuua Mtume (s.a.w.), ilhali amana za watu wa Makka zilikuwa bado mikononi mwake. Alikuwa na sababu, kama sababu ingetosha, ya kuzichukua ziwe fidia ya dhulma. Badala yake alimwacha Ali (r.a.) nyuma ili azirejeshe kwa wenyewe. Kudhulumiwa hakukumhalalishia mali ya mtu.

Na Wasomali wenyewe hawakuukubali uharamia huu kwa umoja. Wengi waliwaita watekaji *burcad badeed*, yaani majambazi wa baharini. Mahakama za Kiislamu zilipoushika mji wa Mogadishu na sehemu za kusini katikati ya mwaka 2006, zilitangaza kwamba utekaji ni haramu, na katika miezi ile michache utekaji ulikaribia kukoma. Mwaka 2009 mashehe wa Puntland walihubiri misikitini dhidi yao, wakawaonya wanawake wasikubali kuolewa nao. Kwa hiyo anayeutaja uharamia kama sifa ya Wasomali amewadhulumu waja wema wengi.

Mlango wa toba pia upo. Aya inayofuata, ya 34, inawatoa katika adhabu ile wanaotubu kabla ya kukamatwa. Hata hivyo, wanazuoni wameeleza kwamba haki za watu hazifutiki kwa toba ya ulimi: kilichochukuliwa hurejeshwa.

Swali linaloingia nyumbani

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya mbali, na mwanawe hatapanda mashua ya maharamia. Mwaka 2006 mahakama ya Mombasa iliwahukumu Wasomali kumi kifungo cha miaka saba kila mmoja kwa kosa hili, na baada yao wengine wengi wakapita katika gereza la Shimo la Tewa. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mtu. Januari 2009, baada ya fidia ya Sirius Star kuangushwa kwa mwavuli kutoka angani, mashua ya baadhi ya watekaji ilipinduka na watano wakafa maji. Jamaa wa marehemu walieleza kwamba maiti ya mmoja ilitupwa ufukweni ikiwa na dola 153,000 ndani ya mfuko wa plastiki. Mama yake angechagua kipi, mfuko au mwana?

Uharamia huanzia nyumba isiyouliza. Kijana asiye na kazi anarudi na simu mpya, kisha pikipiki, kisha anajenga. Wazazi wanamwombea dua na jirani wanamsifu. Iwe fedha ni ya mateka, ya unga au ya rushwa, mwendo ni ule ule. Tumejifunza katika Hadithi habari za msafiri aliyechoka, mwenye nywele timtim, anayeinua mikono mbinguni akimwita Mola wake, ilhali chakula chake, kinywaji chake na vazi lake ni vya haramu. Ataitikiwa vipi? Basi mzazi amuulize mwanawe mapema, kwa upole na bila ya kuchoka: umeipata wapi?

Sisi wa kamati za misikiti nasi tujiulize. Tunapoandika michango katika daftari, bahasha nene hutufurahisha kuliko sarafu ya mchuuzi wa mihogo. Tukilipaka rangi jengo kwa fedha iliyotoka katika machozi ya mateka, na tukamketisha mtoaji wake safu ya mbele, vijana wote wataona na watajifunza. Allah ni mwema na hakubali ila kilicho chema. Heri msikiti ukae na bati linalovuja.

Na tusiishie kukataza. Kijana wa pwani anayejua bahari anahitaji chombo, nyavu, chuo cha ubaharia na mkopo usio na riba. Zaka na wakfu zetu zina nafasi hapo. Serikali zetu nazo zina wajibu wa kuzilinda bahari dhidi ya wavuvi wezi, ili mnyonge asipate kisingizio wala mjanja asipate askari.

Tunamwomba Allah awalinde walio baharini, awafariji wanaowasubiri, na atutosheleze kwa halali yake tusihitajie haramu yake. Amin.