Zambia: Ruzuku ya Mahindi na Gharama Zake

Mwezi Desemba 1986, polisi na wanajeshi wa Zambia walipelekwa katika miji ya Copperbelt kuzima ghasia. Chanzo cha ghasia hizo hakikuwa adui wa mpakani, bali unga. Serikali ilikuwa imeondoa ruzuku ya sembe, na bei ikapanda zaidi ya maradufu. Watu 15 walipoteza maisha, na mwezi huo huo Rais Kenneth Kaunda akairudisha ruzuku hiyo.

Yafaa ieleweke jinsi nchi hiyo jirani ilivyofika hapo. Tangu miaka ya 1970, Serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa mikoa ya mbali, kama vile Kaskazini na Mashariki, alilipwa sawa na yule aliyelima karibu na Lusaka. Gharama za kuyasafirisha zilibebwa na Hazina. Mbolea nayo iliuzwa kwa bei nafuu.

Mpango huo ulikuwa na manufaa yake, kwani wakulima wadogo wengi wa pembezoni walipata soko la uhakika. Hata hivyo, wengi wao walipunguza muhogo, mtama na ulezi, mazao yanayovumilia ukame, wakafuata mahindi yenye bei ya Serikali. Mijini, unga ulikuwa rahisi kiasi cha kuvushwa kwa magendo hadi Zaire.

Fedha za kugharimia hayo yote zilitokana na shaba. Bei ya shaba ilipoanguka mwaka 1975, mapato yalipungua, lakini ruzuku haikupungua. Deni likakua.

Mwezi Juni 1990 bei ya unga ilipandishwa tena. Ghasia zilizuka Lusaka, na zaidi ya watu 20 wakafa. Tarehe 30 Juni, Luteni Mwamba Luchembe aliiteka redio na kutangaza kwamba jeshi limetwaa madaraka. Jaribio hilo lilizimwa kwa saa chache, lakini mwaka 1991 Rais Kaunda alishindwa katika uchaguzi.

Ruzuku yenyewe si kosa. Zambia iliirejesha ya mbolea mwaka 2002. Hatari ni kuitoa bila fungu la kuaminika, kisha kuiondoa ghafla. Hesabu ikikosewa Hazina, anayeitwa barabarani kuisahihisha kwa rungu ni askari, ambaye naye hununua unga katika duka lile lile.