Unapuliza inhela lakini kifua bado kinabana? Soma hii

Ukiwa na COPD, yaani ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, hata kupanda ngazi ni kazi. Chanzo kikubwa ni sigara, na pia moshi wa kuni na mkaa jikoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021.

Hauponi kabisa, ila inhela husaidia sana. Misuli inayozunguka mirija ya hewa ikibana, dawa huilegeza, mirija inatanuka, unapumua.

Inhela si zote sawa

• Ya haraka: salbutamoli, mara nyingi ya rangi ya bluu. Huanza kazi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake huisha baada ya saa 4 hadi 6.

• Ya kila siku: salmeteroli hudumu kama saa 12, tiotropiamu saa 24. Hii unatumia hata siku unayojisikia poa.

Wengi huacha ya kila siku kwa sababu hawaoni nafuu papo hapo, wanabaki na ya bluu tu. Ukiona unaikimbilia ya bluu kila saa, ujue ugonjwa haujadhibitiwa. Rudi kwa daktari.

Vuta hivi (inhela ya kubonyeza)

1. Itikise, kisha toa pumzi yote nje.
2. Ibane vizuri kwa midomo.
3. Anza kuvuta hewa taratibu, hapo hapo bonyeza mara moja.
4. Zuia pumzi hadi sekunde 10.
5. Kama umeandikiwa mara mbili, subiri kidogo, rudia.

Ukikosea, dawa nyingi huishia mdomoni na kooni badala ya mapafuni. Inhela za unga ni tofauti: hizo huvutwa kwa nguvu na kwa haraka.

Mkono na pumzi havipatani? Omba kopo la plastiki la kuunganisha na inhela. Watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, waliwapima watoto wenye pumu na kukuta chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitengenezwa vizuri bila kuvuja, inafanya kazi hiyo. Mhudumu wa afya akuelekeze.

Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, usisubiri. Puliza ya bluu ukiwa njiani kwenda hospitali.