Aliyeng'olewa Jino Atumie Dawa Gani?

Katika ziara zetu vijijini tumekutana na watu ambao wakishang'olewa jino hununua tramadoli, wakiamini kwamba dawa kali ndiyo dawa bora. Sivyo. Maumivu hayo hutokana zaidi na uvimbe kwenye kidonda, na ibuprofeni hupunguza uvimbe huo. Tramadoli, ambayo ni ya jamii ya mofini, hufifisha hisia za maumivu tu, nayo yaweza kuleta kichefuchefu, degedege na uraibu.

Mwaka 2024 mwongozo wa madaktari wa meno wa Marekani uliweka ibuprofeni na dawa za aina hiyo, pamoja na parasetamoli ikihitajika, kuwa chaguo la kwanza. Wajawazito, na wenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo, wamwulize daktari kabla ya kumeza ibuprofeni.

Hatusemi dawa za jamii ya mofini zitupwe. Mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali anazihitaji, na ni haki yake kutulizwa. Lakini aliyeng'olewa jino, maumivu yakizidi baada ya siku tatu, arudi kliniki: huenda kidonda kina tatizo, na dawa kali italificha tu.