TUTEMBEE MJI MKONGWE KWA MIGUU



Wengi wetu tunaokaa shamba huenda mjini kwa haja tu. Tunakwenda hospitali ya Mnazi Mmoja au sokoni Darajani, kisha tunapanda gari na kurudi. Mji wenyewe hatuujui. Siku ukimaliza haja yako mapema, ingia Mji Mkongwe kwa miguu.

Anzia Darajani. Zamani palikuwa na mkono wa bahari hapa, na daraja la kuvukia kwenda Ng'ambo. Mkono huo ulifukiwa, lakini jina limebaki. Soko lilijengwa mwaka 1904.

Ingia Mkunazini. Hapa palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Simama kidogo. Watu waliouzwa hapa walikuwa wanavijiji kama mimi na wewe.

Sasa fuata vichochoro. Ni vyembamba, na nyumba ni ndefu, kwa hiyo kuna kivuli hata mchana. Nje ya nyumba utaona baraza za mawe. Jioni watu huketi hapo na kuzungumza. Mvua ikijaza njia maji, hupita juu yake. Ukiwakuta wazee barazani, toa salamu kwanza, ndipo uulize njia.

Usiogope kupotea. Mji huu si mkubwa. Magharibi na kaskazini kuna bahari, na mashariki kuna barabara kuu. Shika njia moja usiiache. Mwishowe utatokea pwani au barabarani.

Tazama kuta. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo huchomwa huku kwetu shamba. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo si ndefu sana, ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba.

Adui mkubwa wa nyumba hizi ni maji. Paa likivuja, chokaa hulegea na boriti huoza. Mche ukiota ukutani, mizizi yake hupasua mawe. Wengine hupaka saruji wakidhani wanaimarisha ukuta. Kumbe saruji hufungia unyevu ndani, na ukuta huzidi kuharibika. Ukuta wa chokaa hutengenezwa kwa chokaa.

Maliza safari Forodhani. Hapo ndipo ilipo Beit el Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ikitengenezwa, sehemu yake ilianguka. Watu wawili walikufa.

Basi usipumzike chini ya ukuta wenye ufa. Na ukiona mche umeota ukutani, mwambie mwenyeji. Mche mdogo hung'olewa kwa mkono; ukiwa mti, utaleta hasara. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika mji huu kuwa urithi wa dunia nzima. Lakini wa kwanza kuutunza ni sisi, maana mji huu umejengwa kwa chokaa ya shamba.

MASWALI
1. Kwa nini Darajani paliitwa hivyo?
2. Ukipotea Mji Mkongwe utafanya nini?
3. Kwa nini saruji haifai kwa ukuta wa chokaa?
4. Kijijini kwenu kuna nyumba ya mawe na chokaa? Zungumzeni darasani jinsi ya kuitunza.