Kampuni kubwa si baba wala mama: neno kwa vijana kabla ya kutia sahihi

Katika miji yetu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kijana akipata kazi katika kampuni kubwa ya madini, nyumba nzima inashangilia. Mama anapiga vigelegele, ndugu wa kijijini wanapiga simu, na wadogo wanaanza kuhesabu pesa za masomo. Sisi wachungaji tunafurahi pamoja nao. Lakini mara nyingi kijana huyo huyo anatujia jioni, kontra mkononi, na kutuuliza: «Baba Mchungaji, nitie sahihi?»

Hatuwezi kumjibu kwa neno moja. Kwanza tunapaswa kutazama pande zote mbili za kazi hiyo.

Faida zake ni za kweli

Kampuni hizi zinatoka Uchina, Uswisi, Kanada na kwingineko, nazo zina nguvu ya mali. Mshahara unaingia benki kwa tarehe yake. Mwalimu aliyewahi kungoja malipo yake miezi na miezi anajua uzito wa jambo hilo. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka kila mwajiri atunze afya ya mfanyakazi na ya jamaa yake. Waajiri wengi wadogo hawafanyi hivyo, lakini katika kampuni kubwa mara nyingi bibi na watoto wanatibiwa kweli.

Tena kuna ufundi. Kijana anajifunza kuendesha magari makubwa ya mgodini, kuunganisha vyuma, kutengeneza umeme na kujilinda na hatari. Wengine wanajifunza Kiingereza au Kichina. Ujuzi huo unabaki wake hata siku atakapoondoka.

Hasara zake pia ni za kweli

Ya kwanza ni muda. Sheria inasema saa 45 kwa juma, lakini kazi ya zamu, usiku na mchana, tena mbali na nyumbani, inachosha mwili na ndoa pia. Tumewapokea wamama wanaosema kwamba watoto wanamjua baba yao kwa sauti ya simu tu.

Ya pili, mambo makubwa yanaamuliwa mbali. Bei ya shaba inapangwa katika soko la London, si Kolwezi. Bei ilipoanguka mwishoni mwa mwaka 2008, kampuni nyingi za Katanga zilisimamisha kazi na watu wengi sana wakarudishwa nyumbani. Mwaka 2019 mgodi wa Mutanda, moja ya migodi mikubwa ya kobalti duniani, ulisimamishwa baada ya bei ya kobalti kushuka. Ulifunguliwa tena baadaye. Lakini mtu anaweza kufanya kazi yake vizuri bila kosa lolote, na bado akaambiwa abaki nyumbani.

Ya tatu, wengi wanaosema «ninafanya kazi katika kampuni fulani» si wafanyakazi wake. Wameandikwa na kampuni ndogo inayopewa kazi na ile kubwa. Wanavaa kofia ileile na kupanda basi lilelile, lakini mshahara na matunzo si sawa. Sheria ya mwaka 2017 imewawekea Wakongomani kazi hizo za kampuni ndogo, na hilo ni jema. Lakini mwajiri Mkongomani naye anaweza kukupunja.

Wazee wetu walijifunza kwa machozi

Union Minière iliundwa mwaka 1906. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 iliwapa wafanyakazi nyumba, posho ya chakula, shule na hospitali, ili wakae kambini pamoja na jamaa zao. Ulezi huo ulikuwa na mipaka yake: Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma mjini Elisabethville kudai mshahara zaidi, askari waliwapiga risasi na wengi wakafa.

Mwaka 1967 serikali ilichukua kampuni hiyo, na ndiyo baadaye iliyoitwa Gécamines. Watu wa Katanga walizoea kusema kwamba Gécamines ni baba na ni mama. Kisha mgodi wa Kamoto ukabomoka mwaka 1990, shaba ikapungua sana, na mishahara ikakawia. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Wengi wao hawakuwa na shamba wala ufundi mwingine, na watoto wao walitoka shuleni. Kampuni ilikuwa imebeba kila kitu, kwa hiyo ilipoanguka, kila kitu kilianguka nayo.

Tazama haya kabla ya kutia sahihi

Soma jina la mwajiri kwenye kontra. Je, ni kampuni kubwa yenyewe, au ni ile ndogo?

Soma muda wake. Kontra yenye mwisho haipaswi kupita miaka miwili, na inaweza kurudiwa mara moja tu. Majaribio hayapaswi kupita miezi sita, na kwa mtu asiye na ufundi ni mwezi mmoja. Tena, kama umefanya kazi ya kutwa siku 22 katika miezi miwili, na unachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, sheria inakuhesabu kuwa mfanyakazi wa kudumu. Vibarua wengi hawajui jambo hilo.

Uliza kama jina lako litaandikwa CNSS kwa ajili ya uzee wako. Omba nakala ya kontra, na uitunze nyumbani.

Na baada ya kutia sahihi

Katika kanisa letu kuna ndugu mmoja aliyeunganisha vyuma miaka minne katika kampuni moja kubwa. Mwaka wa kwanza alinunua mashine yake mwenyewe ya kuunganishia vyuma, na watu wakamcheka kwamba ana mshahara mzuri lakini hana hata televisheni. Kontra yake ilipokwisha, haikurudiwa. Alihuzunika, maana mshahara ule hajaupata tena mpaka leo. Lakini juma lililofuata alikuwa mbele ya nyumba yake akitengeneza mlango wa jirani, na sasa anafundisha vijana wawili. Bibi yake hakuacha biashara yake ya unga hata siku moja.

Basi kwa kijana anayetuuliza jioni, tunajibu hivi: kama jina na muda wa kontra ni sawa, tia sahihi. Fanya kazi kwa uaminifu na ujifunze yote unayoweza. Lakini usikope kwa kutegemea mshahara wa mwaka ujao, na kila mwezi weka kando kitu ambacho kampuni haiwezi kukuondolea.