Ofisi ya Wakili Karibu na Stendi

Ukimuuliza mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa 3 anataka kufanya kazi wapi, atakutajia Posta au Masaki, kwenye jengo lenye lifti na wateja wa benki na madini. Korogwe haitajwi. Nilipopangiwa field huko, washikaji wa bwenini walinipa pole kama nimefiwa. Siandiki ili kuwajibu. Nataka kueleza kitu ambacho darasani tunakipita juu juu: ofisi ndogo ya sheria inayoishi kwa kesi za magari inafanyaje kazi, na ni akina nani hasa wanaoibeba. Jina la ofisi naliacha kwa sababu ya siri za wateja.

Kwanza barabara yenyewe, maana bila hiyo ofisi isingekuwepo. Pale Segera, wilayani Handeni, barabara inayotoka Chalinze inagawanyika. Mkono mmoja unakwenda Muheza na Tanga, mwingine unapita Korogwe na Mombo kuelekea Moshi na Arusha. Kutoka Korogwe kuna lami nyingine ya kilomita 65 hadi Handeni mjini, na ukiendelea nayo unatokea Mkata, barabara kuu tena. Kwa hiyo basi la kaskazini, lori la bandari ya Tanga, Fuso ya machungwa na bodaboda aliyebeba magunia mawili ya mahindi wote wanakutana kwenye eneo hilo hilo. Na wanagongana. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, pale Magila Gereza wilayani Korogwe, Coaster iliyokuwa ikisafirisha msiba kutoka Dar es Salaam iligongana na Fuso. Watu 17 walitangazwa kufariki. Januari 2025, kule Segera, watu 11 walikufa baada ya lori kuwaparamia waliokuwa wamekusanyika kwenye ajali nyingine.

Habari hizi tunazisoma kwenye simu, tunaandika RIP, tunaendelea. Lakini ajali ikishatokea, mambo ya kisheria yanagawanyika kama ile njia panda. Kuna kesi ya trafiki, ambayo ni ya Jamhuri dhidi ya dereva. Kuna madai ya majeruhi na wafiwa kwenye bima ya gari, ile bima ya lazima iliyo kwenye Sura ya 169. Kuna fidia ya dereva na utingo wake kama waajiriwa walioumia kazini, ambayo ni ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huko hawahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Halafu kuna dereva aliyepona akafukuzwa kazi kesho yake. Huyo njia yake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kila njia ina karatasi zake na muda wake, na mtu anayetoka wodini hajui hata kwamba ziko nne.

Anayejua ni karani. Nilidhani karani ni wa kuchapa na kupokea simu. Yule mama ana daftari kubwa la kaunta, na anapopokea mteja hamuulizi kwanza nini kilitokea. Anauliza lini. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 kufikisha mgogoro CMA. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Dai la kuumizwa kwa uzembe ni miaka 3, la mkataba ni miaka 6. Tarehe inaandikwa kwa kalamu nyekundu kabla mteja hajakaa vizuri. Ukichelewa unaweza kuomba Tume ikuongezee muda, lakini hapo unatakiwa uwe na sababu za msingi, na “nilikuwa nambembeleza tajiri anirudishe” si sababu inayokwenda mbali. Ndiyo sababu ninayoisikia zaidi, hata hivyo. Dereva hukaa wiki 5 akipiga simu, anaambiwa subiri subiri, siku 30 zinakatika huku anaamini bado yuko kazini.

Baada ya lini anauliza karatasi. PF3 iko wapi? Umepata ripoti ya polisi na mchoro wa eneo la ajali? Stika ya bima ilikuwa hai siku ile, maana inaweza kukaguliwa kwenye mfumo wa TIRA? Hukumu ya kesi ya trafiki imeshatoka, nakala yake je? Kwa wafiwa kuna barua ya usimamizi wa mirathi, ambayo bima huiomba na ambayo inagombanisha ndugu kuliko ajali yenyewe.

Mtu wa pili ni mzee aliyeendesha malori miaka mingi kabla macho hayajamsumbua. Cheo chake ofisini hakieleweki vizuri. Si wakili, si karani. Anapeleka barua, anafuatilia mafaili polisi, na anakaa na madereva benchi la nje. Siku za kwanza niliona kama anapiga nao soga tu. Anamuuliza kijana: mafuta alikuwa anakuwekea nani? Ukitaka kupumzika ulikuwa unaomba ruhusa kwa nani? Kwa mwezi ulikuwa unalala nyumbani siku ngapi? Una gari la tajiri mwingine? Halafu nikafungua Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, nikakuta maswali ya mzee yamepangwa pale moja baada ya jingine. Kifungu kinasema mtu atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo yaliyoorodheshwa: anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, anapewa vitendea kazi, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, na kadhalika.

Hapo ndipo roho ya kesi ilipo. Madereva wengi hawana mkataba wa maandishi. Walipogoma nchi nzima Aprili 2015, mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Tajiri akifika CMA anasema huyu alikuwa deiwaka tu, simjui. Wengi huishia hapo, wanarudi nyumbani. Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 15, inasema mwajiri akishindwa kutoa mkataba au maelezo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la kazi linalodaiwa ni wake. Kwa lugha ya stendi, kukosa karatasi ni tatizo la tajiri kwanza. Sisi kifungu hicho tulikikariri kwa ajili ya UE. Mzee hajakisoma, lakini anajua nini cha kuuliza ili kifanye kazi.

Wakili mwenyewe yuko peke yake, na nusu ya wiki yuko njiani: Mahakama ya Wilaya Korogwe, kesho Handeni, keshokutwa Tanga mjini kwenye Mahakama Kuu au CMA. Ofisi inaingiza hela kwa wenye magari: mikataba ya usafirishaji, madai ya bima, leseni za LATRA, madeni ya mizigo. Madereva wanalipa kidogo kidogo au hawalipi. Ugumu unaanzia hapo, kwa sababu hawezi kumtetea dereva dhidi ya tajiri ambaye ni mteja wake. Dar ukikataliwa ofisi moja unavuka barabara kwenda nyingine. Kwenye mji mdogo, mwenye mabasi akishakutangulia kwa mawakili wawili watatu, umebaki na vishoka wa nje ya mahakama, wanaokuandikia hati mbovu na kuchukua nauli yako ya Tanga. Wakati niko pale wakili alikataa kazi ya kudumu ya mmiliki mmoja kwa sababu faili la dereva wake lilishafunguliwa. Karani alinuna siku nzima, na nilimwelewa, kwa sababu kodi ya pango ilikuwa imekaribia.

Zilizobaki ni kesi za bodaboda, ambazo kusema ukweli ndizo zilizoninyima usingizi. Mfumo mnaujua: tajiri ananunua pikipiki, kijana anapeleka hesabu kila siku kwa muda waliokubaliana, kisha chombo kinakuwa chake. Piga hesabu ya shilingi 8,000 kwa siku 365: ni 2,920,000. Makubaliano mara nyingi ni ya mdomo, na kadi iko kwa jina la tajiri. Kijana mmoja wa Handeni alikuwa amebakiza siku 40 alipougua malaria, akakosa hesabu ya siku 6, pikipiki ikachukuliwa. Aliambiwa alikuwa anakodi tu.

Hakuwa na karatasi hata moja. Ila kwa miezi yote ile alikuwa akituma hesabu kwa simu. Msaidizi wa kisheria wa kijijini kwao, ambaye kwa sheria ya 2017 hatozi ada na hawezi kumwakilisha mahakamani, alimwambia asifute meseji hata moja, ampeleke kwa mawakili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa aina hiyo kupokelewa kama ushahidi. Nilipewa kazi ya kuzinakili kwenye jedwali: tarehe, saa, kiasi, namba ya muamala. Zilikuwa zaidi ya 300, nyingine zimetumwa saa 5 usiku.

Wakili aliandika barua ya madai, mzee akaipeleka kwa mkono na kurudi na sahihi ya kupokea. Wiki ya mwisho ya field yangu tajiri alikuja mwenyewe, akakaa akalisoma jedwali ukurasa kwa ukurasa, akasema atajibu. Karani akaandika tarehe kwa kalamu nyekundu. Naondoka Korogwe, kadi ilikuwa bado kwa jina la tajiri, na kijana alikuwa anaendesha ya mtu mwingine, kwa hesabu ile ile ya 8,000.