Ukipigwa roba Kariakoo, usijifanye Bruce Lee

MJI huu una lugha yake. Mwulize mtoto yeyote wa Kariakoo mtama ni nini, hatakutajia uji wala chakula cha kuku. Atakwambia ni ule mguu unaofagiwa ghafla, ukajikuta chali unahesabu mawingu. Ngwala ni binamu yake. Kuna kabari, halafu kuna roba, ile ya mbao hasa: njemba anakujia kwa nyuma, mkono shingoni, na mwenzake anapekua mifuko kama anatafuta chenji yake.

Basi, msomaji wangu, mambo hayo hayo huko duniani yana majina ya Kijapani na Kireno, na watu wanayalipia ada. Mtama ni judo kabisa. Roba ndiyo silaha kubwa ya jiu-jitsu ya Kibrazili. Vibaka wetu hawana mkanda wala cheti, lakini somo lenyewe wanalo.

Mimi ni kimbaumbau, kilo 58 nikiwa nimeshiba pilau. Kwa hiyo jioni mbili kwa wiki nakwenda kwenye ukumbi mmoja pande za Upanga, ambako vijana kama kumi na tano tunagaragazana juu ya magodoro chini ya kocha wa judo aliyejiongezea hiyo ya Kibrazili. Wapo wauza nguo, yupo dada anayefanya kazi benki, na yupo baunsa mmoja wa miraba minne ambaye akikulalia kifuani unakumbuka madeni yako yote.

Wazee wetu walikulia kwenye mateke. Enzi za Empire, Empress, Avalon na Chox, ukitoka kumwona Bruce Lee unarudi nyumbani unapiga teke kila nguzo ya umeme. Miaka ya 1970 Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani akaanzisha karate ya Goju-Ryu pale Zanaki, na heshima ya mchezo huo mjini ikapanda. Visiwani, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka akaipandisha judo kwa miaka mingi. Siku hizi tunaye Andrew Thomas Mlugu, aliyepeleka judo ya Tanzania Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akarudi tena Paris mwaka 2024, uzito wa kilo 73. Kilo 73! Si lazima uwe kontena.

Hii ya Kibrazili ni mtoto wa judo hiyo hiyo. Mjapani Mitsuyo Maeda alifika Brazil mwaka 1914, akaweka kambi mji wa Belém, na kijana mmoja wa huko, Carlos Gracie, akajifunza kwake. Mdogo wake Carlos, Hélio, alikuwa mwembamba, hana nguvu za kurusha watu, basi familia ikakazania yale unayoweza kuyafanya ukiwa umeshaanguka. Mwaka 1951 Hélio alikutana na bingwa wa judo Masahiko Kimura pale Maracanã. Akapindwa mkono, akagoma kusalimu amri, mkono ukavunjika, na kaka yake ndiye aliyesimamisha pambano. Ubishi wa namna hiyo nauona Kariakoo kila siku, ila kwa bei ya mashati. Novemba 1993 kule Denver, mtoto wa Hélio, Royce, mwenye kilo 80 hivi, akawapita watu watatu usiku mmoja kwenye UFC ya kwanza kabisa, mijitu mingine imemzidi uzito vibaya. Dunia ikashika mdomo.

Turudi chini, maana ndiko kwenye kazi. Amekukalia kifuani, magoti huku na huku. Kosa la kila mgeni ni kumsukuma kifua kwa mikono iliyonyooka. Unampa mkono wa kuvunja bure. Sisi tunafundishwa daraja: shika mkono wake mmoja uubane kwako, nasa mguu wake wa upande huo huo kwa mguu wako, kisha inua kiuno juu kwa nguvu zote na ubingirike kupitia bega la upande ule uliombana. Hana mkono wa kujizuia, hana mguu wa kujiegemeza. Anageuka. Mara ya kwanza nilipomgeuza yule baunsa nilitaka kupiga simu nyumbani.

Daraja likigoma, unakwenda kikamba. Umewaona kamba wa Feri wanavyojikunja? Unageukia ubavu, unakanyaga chini, unasukuma makalio nyuma mpaka nafasi ipatikane ya kupenyeza goti. Goti likiingia, umepata gadi, yaani miguu yako iko kati yako na yeye, na mtu aliye kwenye gadi yako hajakushinda hata kama yuko juu.

Kuipita gadi ya mtu ni kazi ya subira. Mgongo wima, viwiko karibu na mbavu, kwanza udhibiti viuno na magoti yake, halafu ndiyo uzunguke ubavuni. Ni kama kupita Mtaa wa Kongo siku ya mkesha wa Idi: ukilazimisha katikati unakwama, ukitafuta upenyo pembeni unapita na mzigo wako. Wengi tunapenda mkato, na ndiyo maana tunakabwa.

Sasa hiyo roba. Kocha aliituliza akili yangu kwa kunieleza inavyofanya kazi. Ikikaa sawasawa hainyimi pumzi, inabana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo, na mtu anaweza kuzimika kabla ya sekunde kumi. Kwa hiyo huna muda wa kufikiri. Mikono yote miwili inashika ule mkono unaokukaba na kuuvuta chini hapo hapo, kidevu kinageukia kwenye kiwiko chake ambako kuna nafasi, kiuno kinashuka kuwa kizito, kisha unajigeuza kumwelekea. Yule dada wa benki anaitoa vizuri kuliko sisi wote, kwa sababu hajaribu kushindana nguvu. Wakiwa watatu, au mmoja ana kisu, wape simu. Simu inauzwa pale pale Aggrey.

Kuna jambo moja ambalo Wabrazili hawakulipangia, na hapa nasema kwa akili yangu. Kwenye godoro, sifa ni kumbana mtu mpaka asalimu amri. Mtaani, kwanza kuna lami: ukimpiga mtu mtama mzuri pale Msimbazi akatua kwa kisogo, unaweza kumwua kwa sababu ya pochi. Pili, kuna umati. Umemwangusha kibaka, umemkalia, unasubiri polisi. Mtu mmoja anapaza sauti, "Mwizi!" Dakika haijaisha, mawe yamefika. Kila mtu wa mji huu anajua kinachofuata tairi likiletwa, na nani atauliza ni yupi mwizi, wa juu au wa chini? Wewe uliyejifunza kumshikilia mtu ndiwe uliyemshikilia ili auawe, kama hawakuanza na wewe.

Ndiyo maana nimemwomba kocha muda mwingi twende kwenye kutoka: daraja, kamba, kuvua roba, kusimama bila kumpa mtu mgongo. Wenzangu wananicheka, wananiita Mzee wa Kutoroka. Wao wanataka kuvunja mikono kama Kimura. Sawa, kila mtu na hamu yake, ila mimi napanda daladala saa mbili usiku.

Ukitaka kujaribu, tafuta ukumbi wenye kocha anayesimamia, usijifunzie kwenye simu na mdogo wako sebuleni. Kata kucha, vua hereni na mkufu, njoo na taulo. Dada, usiogope kusema hutaki kugaragazana na mwanamume fulani; kocha wa maana atakupangia mwingine bila maswali. Na ukibanwa, gonga mara mbili kwa kiganja, popote, godoroni au mgongoni mwake. Baunsa wetu hugonga mapema kuliko wote.